Neno Lililobaki Chini ya Ukurasa

Jumatatu saa mbili asubuhi, Inspekta Gona alikuta vitu viwili vikimngoja katika kituo cha polisi cha Malindi: jalada jembamba mezani pake, na bibi mmoja mwembamba zaidi kwenye benchi la mapokezi. Jalada lingeweza kufungwa kabla ya chakula cha mchana. Bibi, kwa maelezo ya Koplo Nahashon, hakuwa na dalili ya kwenda popote.

"Amelala kwa jamaa zake hapa mjini, na saa kumi na mbili alikuwa ameshafika," Nahashon alisema. "Nimemwambia kwamba mshukiwa tuko naye ndani. Ati hakuja kutafuta mshukiwa. Anataka karatasi yake."

Gona alikuwa ametoka likizo, siku kumi za kupalilia mahindi ya mamake kule Ganze, na viganja vyake bado vilikuwa na malengelenge. Alilisoma jalada akiwa amesimama.

Ghorofani, juu ya duka lililokuwa la dawa la mzee Jamnadas, kulikuwa na mkusanyo wa vitabu vya kale vya tiba: vya Kiingereza vyenye michoro ya mifupa na mishipa, vya Kigujarati vya mitishamba, na picha za wakati wa ndui. Mzee alivikusanya maisha yake yote. Mjukuu wake, Yesha, alipata wafadhili wa kuvipiga picha ukurasa kwa ukurasa na kuviweka mtandaoni, ili mtu aliye mbali avisome bila kuvigusa. Habari ikaenea, na wenye vitabu majumbani wakaanza kuviazimisha. Mmoja wao alikuwa Bi Mastura wa Takaungu, huyo wa benchini. Aliazimisha daftari la babu yake, tabibu aliyeandika kwa mkono wake, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, dawa alizotengeneza na wagonjwa aliowatibu.

Alilileta Jumatano. Jumamosi alipokwenda kulichukua, aliupapasa mshono kwa kidole gumba, maana macho yake yana mtoto wa jicho, akasema karatasi moja haipo. Na kweli haikuwepo. Ilikuwa imekatwa kwa wembe, karibu kabisa na uzi.

Jumapili saa nane mchana wakamkamata Ridhwan, mpiga picha wa mradi. Wembe ulipatikana kwenye droo yake. Ufunguo wa chumba ni mmoja tu, anayefunga ndiye anayeondoka nao, na daftari la ufunguo lilionyesha kwamba Ijumaa jioni aliondoka nao yeye. Tena jirani wa ng'ambo ya kichochoro, Bi Rufaida, alisema aliona taa ikiwaka chumbani humo. Nahashon alikuwa ameiandika taarifa yake kwa mwandiko mzuri wa shule: *Ijumaa usiku, baada ya sala ya isha, niliona taa juu kwa Jamnadas.*

Daftari la tabibu lenyewe halikuwepo kituoni. Lilikuwa limefungwa kama kielelezo na kupelekwa Mombasa alfajiri, na katika jalada zima hakuna aliyekumbuka kuandika karatasi ilikatwa mahali gani.

"Mkuu amesema mshukiwa apelekwe mahakamani saa nane," Nahashon alimaliza. "Hapo saa ishirini na nne zitakuwa zimeisha."

Gona alitoka hadi kwenye benchi. "Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyekuwa shamba?"

"Ndiye mimi."

"Basi wajua kutafuta kitu kwa mkono. Hawa wenzako watafuta kwa kalamu."

Nahashon alijifanya anapanga faili.

Ridhwan aliletwa chumba cha mahojiano bila mkanda wala viatu. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na tisa, na alizungumza polepole kama mtu aliyekwisha kusema maneno hayohayo mara nyingi bila kusikilizwa.

"Wembe ni wa kukatia kitambaa cheusi tunachotandika chini ya vitabu," alisema. "Kila mtu pale anautumia."

"Daftari la Bi Mastura ulilipiga picha lini?"

"Ijumaa asubuhi. Nilianza kama saa mbili u nusu. Umeme ulikuwa umekatika tangu alfajiri, nikasogeza meza dirishani, nikatundika shuka jeupe lipunguze jua. Nilimaliza kabla ya sala ya Ijumaa."

"Hukuona kwamba karatasi haipo?"

"Mimi herufi zile sisomi kwa haraka, Inspekta. Nafungua, napiga, nafungua, napiga. Msomaji wetu ni Maalim Seif. Alilipitia daftari zima Alhamisi."

"Na Ijumaa usiku?"

"Nilikuwa nyumbani, nimelala. Shahidi wangu ni mto." Akajaribu kucheka, kisha akaacha. "Nikisomewa mashtaka leo, hata nikija kushinda kesi, nani tena atanipa kitabu cha babu yake nikishike?"

Gona aliliandika swali hilo kwenye kijitabu chake. Alimrudisha seli na kutazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini.

*

Duka la mzee Jamnadas sasa linauza ndoo na mabeseni. Ngazi ya kwenda juu iko ubavuni, nyembamba, na mtu mnene hupanda ubavu ubavu. Yesha Jamnadas alimpokea Gona juu kabisa. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, nywele amezifunga kwa penseli, na uso wake ulionyesha hajalala.

"Nyanya yangu Motiben amekataa kula tangu jana," alisema. "Aona aibu. Miaka sabini tumekaa na watu wa hapa, hakuna aliyeleta kitu chake kwetu kikarudi na kovu. Ridhwan sidhani, Inspekta. Lakini sina la kuonyesha."

Chumba kilikuwa kisafi, makabati ya vioo pande tatu, kidirisha cha kichochoroni juu ya mojawapo, na upande wa nne dirisha pana lenye nondo za chuma, linalotazama baharini. Gona aliomba daftari la ufunguo. Jumatano, Yesha. Alhamisi, Seif. Ijumaa, Ridhwan. Sahihi zote zilikuwa safi, hakuna iliyofutwa.

Maalim Seif alikuwa kwenye meza ya pembeni akiandika maelezo ya kitabu kingine. Alisimama kumpa mkono mgeni. Mtu wa miaka hamsini na mitano, kanzu iliyonyooshwa, sauti ya upole.

"Ni msiba kwangu kuliko kwa yeyote," alisema. "Bi Mastura ndiye aliyenisomesha chuoni, Takaungu. Alif yangu ya kwanza aliniandikia yeye ubaoni. Mimi humwita Mama."

"Pole, Maalim. Nieleze jambo moja. Nikizitazama hizi picha kwenye kompyuta, naweza kujua karatasi iliyokatwa ilikuwa wapi?"

Seif alifikiri kidogo. "Bila daftari lenyewe? Haiwezekani. Mashine imezipa picha nambari zinazofuatana, moja mpaka tisini na tano. Hakuna pengo."

"Na tabibu mwenyewe hakutia nambari?"

"Wazee wale hawakutia nambari." Akaketi tena. "Nikwambie kweli, Inspekta, mimi tangu mwanzo moyo wangu ulikuwa mzito. Tabibu huandika mambo ya watu, maradhi yao, nasaba zao. Kuyaanika mbele ya ulimwengu mzima... Lakini mradi si wangu. Mimi naambiwa soma, nasoma."

"Alhamisi ulifunga saa ngapi?"

"Saa kumi na moja jioni. Nikaenda zangu msikitini."

Gona aliandika. Alhamisi haikuwa na uzito kwa mtu yeyote, na hata yeye aliiandika kwa mazoea tu.

Yesha alimfungulia picha. Kila moja ilionyesha daftari likiwa wazi, ukurasa wa kulia na wa kushoto pamoja, juu ya kitambaa cheusi. Gona alisoma shule ya misheni, na herufi za Kiarabu kwake zilikuwa mapambo. Alizitazama dakika kumi bila faida, akatoa simu na kumpigia Nahashon.

"Mpe huyo bibi simu."

Kukawa na mkwaruzo, kisha sauti. "Naam?"

"Bi, ni mimi Gona. Niko mbele ya picha za daftari lako. Maalim Seif asema haiwezekani kujua karatasi gani haipo."

Mkwaruzo tena, simu ikihamia sikio la pili.

"Seif ndiye aliyesema hivyo?"

"Ndiye."

"Haya." Alikohoa. "Tazama chini kabisa ya ukurasa, pembeni. Kuna neno moja limekaa peke yake, si la mstari wowote. Umeliona?"

Gona aliona. Lilikuwepo kwenye kila picha, dogo, limeinama, na alikuwa amelidhania sahihi ya mwandishi.

"Hilo ndilo neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Wazee waliliweka makusudi, karatasi zikitawanyika kila moja imjue jirani yake. Neno la chini humwita wa mbele yake. Kusoma hujui, lakini macho unayo. Fananisha maumbo."

Gona alifananisha. Picha ya kwanza hayakufanana. Ya pili hayakufanana. Ya tatu hivyo hivyo.

"Bi, hapa hakuna hata moja linalofanana na mwenzake. Nimetazama chini kushoto, kisha juu kulia."

Bibi alicheka, kicheko kikavu ambacho Nahashon baadaye alisema kilimshtua mtu aliyekuja kutoa ripoti ya baiskeli. "Waanzia mwisho, mwanangu. Ukisoma hivyo utakuta kila kitu kimeibwa. Chini kulia, kisha juu kushoto."

Alianza upya. Sasa maneno yaliitikiana. Yesha akavuta kiti, wakaenda pamoja, yeye akibonyeza, Gona akichora umbo la chini kwenye kijitabu chake na kulisogeza karibu na kioo. Picha ya kumi, sawa. Ya ishirini, sawa. Ya thelathini na tatu iliwatia wasiwasi, kumbe ni doa la wino. Walipofika ya arubaini na moja, Gona aliinua mkono.

Neno la chini lilianza kwa kijino chenye nukta moja juu yake. Ukurasa wa kushoto ulianza kwa mstari mrefu uliosimama.

"Halimo," Yesha alisema kwa sauti ya chini. "Anayeitwa si huyu."

"Bi," Gona alisema simuni, "ni picha ya arubaini na moja. Karatasi iliyofuata ilikuwa na nini?"

"Wagonjwa wa mwezi wa Rajabu. Na kombe, zile aya zinazoandikwa kwa zafarani mgonjwa akazinywa. Na... Ipate kwanza. Nikiishika nitakwambia."

Gona alikata simu na kurudi kwenye picha. Kwa mujibu wa jalada, Ridhwan aliipiga picha karatasi hiyo Ijumaa asubuhi, akaikata usiku, kisha akafuta picha yake na kupanga nambari upya. Lakini karatasi ina pande mbili. Kama ingekuwemo siku ile, upande mmoja ungekaa kwenye picha na ukurasa huu wa kulia, na upande wa pili kwenye picha nyingine na ukurasa huu wa kushoto. Kurasa hizi mbili zisingekutana hata siku moja. Hapa zilikuwa zimetazamana ndani ya picha moja.

"Picha hii ilipigwa karatasi ikiwa imeshakatwa," alisema.

"Au alikata usiku kisha akaipiga upya," Yesha alisema bila furaha. "Saa ya kamera mtu aweza kuirudisha nyuma. Mawakili watasema hivyo."

Gona alisogeza uso karibu na kioo. Pembeni mwa kitabu, juu ya kitambaa cheusi, kulikuwa na mistari hafifu. Akarudi picha ya arubaini. Mistari ileile, mbali zaidi kidogo kutoka ukingo wa meza ulio dirishani. Akaenda ya arubaini na mbili. Ilikuwa imesogea ukingoni upana wa ukucha.

"Hii ni nini?"

Yesha aligeuka kutazama dirisha. "Nondo," alisema. "Ni kivuli cha nondo. Umeme haukuwepo asubuhi ile."

Walizipitia picha zote, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Jua lilivyopanda, kivuli kilirudi dirishani hatua kwa hatua, na picha ya arubaini na moja ilikaa mahali pake hasa kati ya majirani zake. Saa ya kamera mtu aweza kuidanganya, lakini jua la saa tatu asubuhi haliwashwi usiku.

Kwa hiyo Ridhwan alipoanza kazi Ijumaa asubuhi, karatasi ilikuwa imeshaondoka. Hapo taa ya Ijumaa usiku ikabaki haina maana yoyote. Aliyekwisha kuchukua alirudi kutafuta nini?

Gona alitazama meza ya pembeni. Maalim Seif alikuwa amekwenda kusali adhuhuri mapema kidogo.

*

Bi Rufaida alikaa nyumba ya ng'ambo, kichochoro cha upana wa mikono miwili. Alikuwa mama wa makamo, mshonaji wa nguo za harusi, na alimkaribisha Gona kwa maji ya ukwaju kabla hajasema kilichomleta.

"Nimekuja kuhakikisha taarifa yako tu, Bi. Uliona taa juu kwa Jamnadas."

"Nimeona kwa macho yangu haya. Nilikuwa nimekaa hapa dirishani, nimekwisha kufukiza udi, nasoma Yasini. Nikainua kichwa, taa yawaka. Nikasema, hawa leo wana kazi gani?"

"Ijumaa usiku."

"Usiku wa Ijumaa, ndiyo."

Gona alikuwa ameshainua glasi. Akaishusha.

"Bi Rufaida, Ijumaa hiyohiyo mchana ulikwenda wapi?"

"Mchana nilikuwa Mambrui, kwa dadangu, kwenye kisomo. Nikalala hukohuko, nikarudi Jumamosi."

"Ulilala Mambrui Ijumaa?"

"Nimekwambia."

"Sasa taa uliionaje?"

Bi Rufaida alimtazama kwa huruma ya mwalimu mbele ya mtoto mzito. "Baba, usiku wa Ijumaa ndio unaotangulia. Alhamisi ikizama jua, ikiadhiniwa magharibi, Ijumaa imeshaingia. Ndio usiku wa kusoma Yasini na kuwaombea maiti wetu. Huo mwingine ni usiku wa Jumamosi. Kwani nyinyi mwahesabu vipi?"

Gona alizaliwa mwendo wa saa mbili kutoka dirisha lile. Maneno hayo aliyasikia tangu utotoni, na bado aliisoma taarifa ya Nahashon na kuiamini kwa sababu ya uzuri wa mwandiko. Nahashon, mtu wa Nyandarua, alisikia *usiku wa Ijumaa* akaandika *Ijumaa usiku*. Aliyapindua maneno mawili tu, kwa nia njema, na kijana akalala seli.

"Yule askari nilimwambia sawasawa," Bi Rufaida alisema. "Akanisomea, lakini mbiombio. Nikatia sahihi. Nimekosea?"

"Hukukosea wewe," Gona alisema, akaomba karatasi aandike taarifa upya.

Ilikuwa saa sita na dakika hamsini alipomaliza.

*

Maalim Seif alikuwa anarudi kutoka msikitini. Walikutana chini ya ngazi, kati ya ndoo za buluu na mabeseni mekundu.

"Alhamisi hukufunga saa kumi na moja," Gona alisema.

Seif aliushika ukingo wa ngazi.

"Taa ilionekana baada ya isha, na ufunguo ulikuwa nao wewe. Asubuhi yake Ridhwan alipiga picha kitabu kisicho na karatasi ile. Na leo umeniambia haiwezekani kujua ilikuwa wapi, wewe uliyesomeshwa na mtu ambaye hata kwa simu amenionyesha. Msomaji wa daraja yako halioni neno la chini? Ungeniambia umesahau jina lako ningekuamini zaidi."

Muuza ndoo alikuwa ameacha kuhesabu vifuniko vyake. Seif alimshika Gona mkono, kwa adabu, akamvuta hatua tatu hadi kwenye kivuli.

"Sikuiba," alisema. "Nilimsitiri."

"Nani?"

"Mama. Bi Mastura." Sauti yake ilikuwa shwari. "Mle mmeandikwa mtoto wa kike aliyeletwa kwa tabibu ana homa. Mtoto wa kununuliwa, kutoka bara ya mbali kusini. Pembeni tabibu akaongeza baadaye kwamba alimkomboa akamwacha huru, akamwoa, ndiye mama wa watoto wake. Huyo ni bibi yake Mama, mzaa baba, Inspekta. Wajua watu wa hapa wanavyopimana kwa nasaba? Takaungu nzima hukaa chini yeye akisema. Nikafikiri, kesho picha hizi zitakuwa mtandaoni, kila mwenye simu atasoma. Na yeye macho yake yameshaingia giza, hajui anachotoa. Nikaona ni wajibu wangu."

"Na Ridhwan?"

"Nilidhani watamwachia. Hana kosa, watampata na nini?"

"Na wembe, na ufunguo, na taa yako wewe." Gona aliitazama saa. "Umemfunika mmoja kwa nguo uliyomvua mwenzake. Karatasi iko wapi? Usiniambie umeichoma. Ina aya."

Seif alimtazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayemheshimu. "Aya haichomwi," alisema. "Iko kwangu, ndani ya msahafu."

*

Saa nane kasoro dakika kumi na mbili waliingia kituoni. Mkuu alikuwa ameshapiga simu mara mbili. Gona aliiweka taarifa mpya ya Bi Rufaida mbele ya Nahashon, akaweka kidole kwenye maneno mawili. Nahashon alisoma, akafunika kalamu yake, akainuka mwenyewe kwenda kufungua seli.

Kwenye kaunta moja, Ridhwan alipewa mkanda na viatu vyake wakati Maalim Seif akivua vyake. Ridhwan alimgeukia.

"Maalim, uliniletea chai jana seli," alisema. "Ulikaa pale ukaniangalia nikiinywa."

Seif aliinamisha kichwa. Ridhwan alifunga kamba za viatu, taratibu.

Bi Mastura hakuwa amehama benchini. Gona alimwekea karatasi magotini, ndani ya kitambaa cheupe. Aliishika pembe zote nne, akaupitisha ukingo uliokatwa kwenye kidole gumba, kisha akainusa.

"Ndiyo," alisema. "Nani?"

Gona alimwambia. Alimweleza yote, pamoja na sababu, maana alikuwa na haki ya kuijua. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, macho yake meupe yakitazama ukuta.

"Seif. Njoo."

Seif alikuja pekupeku.

"Wadhani mimi sijui kilichoandikwa humu? Baba yangu alikuwa akinisomea ukurasa huu kila usiku wa Ijumaa. Huwezi kumwombea maiti usiyemjua jina. Nyumbani kwa waliomnunua walimwita Zafarani, jina la kununuliwa, jina la kitu cha jikoni. Babu yangu hakuweza kumtibu kwa jina lile. Tabibu huuliza jina lako na jina la mama yako, ndipo aandike kombe. Akamwuliza mtoto. Soma alivyojibu."

"Mama, nisamehe..."

"Nimesema soma."

Seif alisoma, na sauti yake nzuri ya chuoni ilikatika mara mbili. "*Nambewe, na mama yake Nambewe. Kaulizwa tena, kasema vivyo hivyo. Ndilo jina alijualo.*"

Nahashon aliacha kuandika. Ridhwan, aliyekuwa ameshafika mlangoni, alisimama.

"Ulimwenguni pote hapana mahali pengine palipoandikwa," Bi Mastura alisema. "Kaburi lake halina jiwe. Kitabu nilikitoa kwa ajili ya ukurasa huu mmoja, Seif, dawa zile zipo kila mahali. Nilitaka apigwe picha aende huko mbali, huenda mtu wa kwao akamwona akajua mtoto wao alifika wapi. Mimi nilitaka aonekane. Wewe ukanionea haya ambayo mimi sina."

Seif alilia waziwazi, mtu mzima wa kanzu, mbele ya askari. Hakuna aliyemzuia na hakuna aliyemfariji. Bibi akamgeukia Gona.

"Lile neno la chini uliloliona kwenye picha. Umelichora?"

Gona alifungua kijitabu chake kwenye umbo la arubaini na moja na kumpa Seif. Seif alilitazama. Kijino, nukta moja juu yake, na mengineyo yaliyofuata, yamechorwa vibaya na mtu asiyejua anachochora.

"Nambewe," alisema.

"Ulimkata," Bi Mastura alisema, "lakini alikuwa ameshaitwa."

Ilikuwa saa nane kamili. Gona alivuta kitabu kikubwa cha matukio, akaandika tarehe, saa, na aina ya kielelezo: karatasi moja ya kale, imeandikwa pande zote mbili. Kwenye nafasi ya maelezo mengine kwa kawaida huandikwa *hakuna*. Aliinua kalamu.

"Bi, nisaidie kuliandika hilo jina. Kwa herufi zangu."

Bi Mastura alimtajia herufi moja moja, na alipomaliza, alimtaka alisome kwa sauti. Kisha akamtaka aliandike mara ya pili, kwa ajili ya yule mama mwenye jina hilohilo.